Uanzie wapi kupiga picha za muziki wa jukwaani: ukumbi wa dansi, shoo ya Bongo Fleva au tamasha?

Vijana wanaotaka kupiga picha za wanamuziki wakiwa jukwaani huanza kwa kuuliza kamera ipi ni nzuri. Mimi huwarudisha nyuma hatua moja: utapiga wapi? Mahali ndipo panapoamua lenzi, lenzi ndiyo inayoamua kamera, na bei inakuja baadaye. Ukianzia kwenye bei, unaweza kumaliza akiba yako kwa lenzi nzito ya kuvuta mbali, halafu ukajikuta kwenye ukumbi mdogo umebanwa hatua tatu kutoka kwa mwimbaji na huna jinsi ya kumwingiza mzima kwenye picha.

Hapa nalinganisha sehemu tatu ambazo mtu aliyeko Dar es Salaam au Unguja anaweza kuanzia, kisha vifaa, kisha malipo. Msimamo wangu nautoa mapema ili usome ukiujua: anzia kwenye dansi na taarabu, ukiwa na kamera iliyokwisha kutumika na lenzi moja ya milimita 50. Shoo kubwa na matamasha ni pa kwenda mkono ukishazoea.

Ukumbi wa dansi na taarabu

Bendi kama Msondo Ngoma, ambayo mizizi yake ni NUTA Jazz ya 1964, au Mlimani Park iliyoanzishwa 1978 na ambayo mashabiki wake wanaiita Sikinde, ikipanda jukwaani haishuki upesi. Inapiga saa kadhaa. Wimbo mmoja unakwenda dakika nyingi na una mpangilio wake: kwanza waimbaji wamejipanga mbele wakipokezana beti taratibu, kisha linaingia chemko, magitaa yanashika kasi, wanenguaji wanatoka na watu wanaacha viti. Kwa anayejifunza, hiyo ni shule. Unajua dakika za picha tulivu za nyuso ni zipi na dakika za picha za mwendo ni zipi. Ukilikosa chemko la wimbo huu, la wimbo ujao linakuja. Ukirudi wiki nyingine utawakuta wanamuziki walewale na nyimbo nyingi zilezile, kwa hiyo utakuwa unajua mpiga tarumbeta anasimama wapi na mpiga solo anafumba macho sehemu gani.

Ruhusa nayo inapatikana kwa mdomo. Fika mapema, wakati vyombo vinafungwa na fundi mitambo anajaribu maiki. Msalimie mwenye ukumbi, kisha kiongozi wa bendi: "Shikamoo mzee. Mimi napiga picha, naomba nipige bendi leo, na picha nitawaletea." Ukizileta kweli, mara ya pili hutaulizwa kitu. Usipozileta, habari zako zitafika kwenye bendi nyingine kabla yako.

Ugumu wa ukumbi ni taa. Kuna kumbi zinazotegemea tyubu nyeupe na balbu mbili tatu za rangi. Umeme wetu ni wa hezi 50, na tyubu nyingi za kawaida hufifia na kuwaka mara 100 kwa sekunde ingawa jicho halioni. Ukiweka kasi ya shata (muda ambao kamera inapokea mwanga) 1/500 ya sekunde chini ya taa hizo, picha moja inatoka ya manjano, inayofuata ya kijani, ya tatu nusu yake giza. Shuka hadi 1/100 na rangi zinatulia. Kwa 1/100 mnenguaji anayezungusha kiuno atatoka na ukungu, basi jifunze kumbonyezea pale mwendo unapogeuka: mkono ukiwa umefika juu kabisa, au mguu kabla haujaanza kushuka. Hapo mwili hutulia kwa kitambo kifupi, na kitambo hicho kinakutosha.

Taarabu ya Unguja inafundisha mambo mengine. Kikundi kama Nadi Ikhwan Safaa, kilichoanza 1905, au Culture Musical Club ya 1958, kinapiga kikiwa kimeketi: fidla, udi, kanuni (ala ya nyuzi nyingi), akodiani. Hakuna anayekimbia, na 1/100 inatosha bila shida. Kazi iko kwenye kupanga watu wengi ndani ya picha moja bila stendi za noti kukata nyuso, na kwenye kumsubiri mpiga kanuni ainue kichwa. Halafu kuna kutunza. Mama ametoka kwenye kiti chake, amevaa akapendeza, anakwenda mbele taratibu huku noti imeinuliwa kwa vidole viwili, na mwimbaji anamwelekezea yeye ule ubeti. Hiyo ndiyo picha ya usiku. Ndiyo pia inayodai adabu kuliko zote, kwa sababu si kila mwanamke aliyekuja kutunza anataka sura yake izunguke mitandaoni. Mtafute baada ya wimbo, muoneshe kwenye kioo cha kamera, muulize. Akikataa, ifute mbele yake. Kwa aliye Mji Mkongwe, maonyesho ya DCMA, chuo cha muziki kilichoanza 2002, ni mlango mzuri wa kuizoea kazi hii.

Shoo ya Bongo Fleva

Hapa mambo yamegeuka karibu yote. Taa ni nyingi na kali, kuna moshi, kuna skrini kubwa nyuma, na msanii anakimbia kutoka pembe hadi pembe. Ukipata nafasi mbele ya uzio, picha zinang'aa kuliko za ukumbini. Tatizo ni hiyo nafasi. Msanii mkubwa anakuja na mpiga picha wake na mtu wa video, mabaunsa wanawajua hao, na wewe uliyenunua tiketi ya kawaida uko mita 30 nyuma ya mikono iliyoinua simu. Muda nao ni mfupi. Usiku wa wasanii wengi kila mmoja anapewa nyimbo chache, na Ulaya na Marekani kuna desturi ngumu zaidi ya kuruhusu wapiga picha nyimbo tatu za mwanzo tu, bila flashi, kisha wanatolewa. Anayeanza hawezi kujifunzia ndani ya dakika kumi.

Kuna jambo la kiufundi ambalo shoo hizi hulifundisha kwa ukali, nalo ni taa nyekundu za LED. Taa hiyo inajaza rangi moja tu kwenye kihisi cha kamera, kile kipande kinachopokea mwanga. Kamera inapima mwanga kwa jumla, inadhani pana giza, inaongeza, na uso wa msanii unageuka doa jekundu lisilo na pua wala mashavu. Washa grafu ya mwanga inayoonyesha nyekundu, kijani na bluu kila moja peke yake, kisha punguza mwanga hadi nyekundu iache kugonga ukingo wa kulia. Kwenye kioo picha itaonekana nyeusi mno, lakini faili la RAW, lile ghafi ambalo kamera haijalichakata, limehifadhi sura, na utaifufua nyumbani kwenye kompyuta. Ikishindikana kwa rangi, igeuze iwe nyeusi na nyeupe. Bluu tupu ina shida za namna hiyo pamoja na chengachenga, yaani punje punje kwenye picha. Mara nyingi kilicho bora ni kusubiri. Fundi wa taa hurudia mzunguko wake, na kila baada ya kitambo taa nyeupe humpiga msanii usoni. Hesabu huo mzunguko, uwe tayari.

Kama roho yako iko Bongo Fleva na huwezi kuisubirisha, usimwendee msanii mkubwa. Mwendee kijana anayefungua shoo, yule anayepanda watu wakiwa bado wanaingia. Hana mpiga picha, anazihitaji picha kuliko mtu yeyote usiku ule, na pasi yake ya nyuma ya jukwaa inaweza kukuingiza na wewe.

Tamasha

Sauti za Busara, lililoanza 2004, hufanyika Februari Mji Mkongwe, na jukwaa lake kuu limezoeleka kuwa ndani ya Ngome Kongwe. Kwa mpenzi wa picha ni mahali pa ajabu. Kuta za matumbawe ziko nyuma ya wanamuziki, na muziki unapigwa mubashara kwa vyombo, hakuna mtu wa kuimbia juu ya CD. Kuna pia lile dirisha la mwanga kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja jioni, anga ikiwa bado ya samawati na taa za jukwaa zimeshawashwa. Bendi inayopangiwa muda huo ina bahati, na mpiga picha naye. Kwingineko wanakozungumza Kiswahili au jirani yake kuna Blankets & Wine ya Nairobi, iliyoanza 2008, Amani iliyoanzia Goma 2014, na Nyege Nyege ya Uganda ya tangu 2015.

Lakini tamasha ni mara moja kwa mwaka, na mwaka mwingine halipo kabisa: Sauti za Busara ya 2016 haikufanyika kwa kukosa fedha. Kibali cha mpiga picha huombwa mapema, na waandaaji wanataka kuona kazi zako na picha zitatumika wapi. Kijana asiye na mkusanyiko wa kuonyesha anajibiwa kwamba nafasi zimejaa. Ndiyo maana nalihesabu kama hatua ya pili: picha za ukumbini ndizo zinazokuombea kibali cha Ngome Kongwe. Ila usikae nyumbani wakati wa tamasha. Nunua tiketi, au nenda yale maonyesho ya barabarani yasiyo na kiingilio, upige ngoma na beni zinazopita mitaani. Hapo hakuna uzio na hakuna pasi.

Lenzi: hapa ndipo pesa yako iende

Nimeweka lenzi tatu za Canon kwa mfano. Namba ya f inaonyesha tundu la lenzi: ikiwa ndogo, mwanga unaoingia ni mwingi. Nikon na Sony wana za aina hizohizo, na uwiano wa bei ni wa namna hiyo. Bei ni ile iliyotangazwa Marekani lenzi ilipotoka. Madukani kwetu utakuta tofauti, na za mkononi hushuka sana.

| | 50mm f/1.8 STM | 24-70mm f/2.8L II | 70-200mm f/2.8L IS III |
|---|---|---|---|
| Mwaka na bei | 2015, karibu dola 125 | 2012, dola 2,299 | 2018, dola 2,099 |
| Uzito | gramu 160 | gramu 805 | gramu 1,480 |
| Inakofaa | ukumbi, ukiwa karibu | mbele ya uzio, nyuma ya jukwaa | jukwaa kubwa, ukiwa mbali |

Ile lenzi inayokuja na kamera dukani, 18-55, ukiivuta hadi mwisho inafunguka f/5.6 tu. Lenzi ya f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara kumi zaidi ya hapo. Maana yake, picha unayoipata ukumbini kwa ISO (wepesi wa kamera kuitikia mwanga) 3200 ukiwa na 50mm, ile ya dukani ingeidai karibu ISO 31,000, na kwa kamera nyingi za bei ya chini hiyo ni takataka ya chengachenga. Hakuna kamera mpya utakayoinunua ikakupa nafuu ya mara kumi. Lenzi ya karibu dola 125 inakupa.

Ikilinganishwa na zumu za f/2.8, ile 50mm bado inaingiza mwanga zaidi ya mara mbili. Inachokosa ni kuvuta. Unavuta kwa miguu, na ukumbini miguu inafanya kazi vizuri kwa sababu umeruhusiwa kuzunguka. Kwenye kamera yenye kihisi kidogo 50mm inabana na kuwa kama 80mm, ukubwa unaopendeza kwa sura ya mwimbaji kuanzia kifuani, ila bendi nzima haitaingia. Kama kamera yako ni ya aina hiyo na chumba ni kidogo, fikiria 35mm f/1.8 badala yake.

Zumu za f/2.8 sizidharau. Anayelipwa kupiga tamasha anazihitaji zote mbili, moja begani na moja mkononi, kwa sababu hawezi kuhama alipo. Kabla ya hapo, kodi kwa usiku mmoja kila inapopatikana kazi inayozilipia. Pesa ya kununua iweke kwenye 85mm f/1.8, ambayo kwa jukwaa la wastani ndiyo lenzi ya pili yenye faida kubwa.

Jambo moja la matumizi ambalo halina gharama. Mwimbaji aliyeshika maiki mdomoni amejificha nusu ya uso. Ukisimama mbele yake moja kwa moja utapata ngumi na nywele. Sogea pembeni, upande ambao mkono wa maiki haupo, na bonyeza mwisho wa mstari anapoishusha kuvuta pumzi. Sura za kweli zinatokea hapo, neno likiwa limeshatoka.

Kamera: ya zamani yenye kihisi kikubwa au mpya ndogo?

Kwa pesa ileile mara nyingi unapata ama kamera mpya ya wanaoanza yenye kihisi kidogo, ama DSLR (kamera yenye kioo ndani) ya zaidi ya miaka kumi iliyopita yenye kihisi kikubwa. Kwa muziki, chukua ya pili. Canon 6D ya 2012 bado inapiga ISO 6400 inayochapika, na alama yake ya fokasi ya katikati imetengenezwa kushika hata kwenye mwanga wa mbalamwezi. Alama za pembeni ni dhaifu, tumia hiyo ya katikati. Nikon D750 ya 2014 ina alama nyingi zaidi na nafasi mbili za kadi, yaani kadi moja ikifa usiku wa shoo, ya pili ina picha zako. Kwa hiyo nafasi ya pili peke yake, bei zikikaribiana, ningechukua D750.

Unaponunua ya mkononi Kariakoo au kwa mtu, usiishie kuangalia kama inawaka. Piga picha ya ukuta mweupe kwa f/16 uone madoa ya kihisi. Piga mfululizo usikilize shata. Muulize imeshapiga picha ngapi na uhakikishe kwa programu. Ingiza kadi yako mwenyewe, na ujaribu fokasi kwenye kona yenye giza ya duka.

Kamera zisizo na kioo ndani (mirrorless), kama Sony A7 III ya 2018, zina faida moja kubwa kwa anayejifunza: unaona mwanga wa picha kabla hujabonyeza, na zinafuata jicho la msanii zenyewe. Kama bajeti inafika, nunua bila kusita. Ila ile shata ya kimya inayosifiwa, kwenye kamera nyingi za kundi hilo, chini ya taa za LED huchora mistari ya giza inayokata picha toka upande hadi upande, na mistari hiyo ni taabu kuiondoa. Irudishe shata ya kawaida, mlio usikutishe, ngoma zina sauti kuliko kamera.

Simu? Kwa kupiga nyuma ya jukwaa, na kwa kurusha kitu usiku uleule, inafaa. Kwa mwimbaji aliye mita nane kwenye ukumbi wenye balbu mbili, haitoshi.

Nunua pia viziba masikio kabla ya begi la kamera. Taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, inapendekeza kelele ya desibeli 85 isizidi saa 8 kwa siku, na ikifika desibeli 100 iwe dakika 15 tu. Mbele ya spika za jukwaani dakika hizo zinaisha kwa wimbo mmoja na nusu wa dansi. Sikio likishaharibika halishonwi.

Nani analipa, na picha ni za nani

Bendi ya dansi mara nyingi haina fungu la picha. Inakulipa kwa mlango ulio wazi na kwa mazoezi, na pengine kwa kazi ya harusi ya mpiga besi, jambo ambalo si dogo. Uongozi wa msanii wa Bongo Fleva unalipa, lakini unataka picha kabla hajafika nyumbani, na baadhi wanataka uziache zote bila jina lako. Mwandaaji wa tamasha analipa wachache aliowachagua. Vyombo vya habari vinakupa jina na kibali kuliko pesa.

Katika njia zote hizo, andikeni. Ujumbe wa WhatsApp unaotaja bei, idadi ya picha, siku ya kukabidhi na wapi zitatumika ni bora kuliko makubaliano ya mlangoni. Tanzania Bara picha inalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, na COSOTA ndio wanaoisimamia. Zanzibar ina sheria yake ya 2003 na COSOZA. Kwa anayeanza, pendekezo langu ni kuwapa bendi ruhusa ya kutumia picha bure kwenye kurasa zao kwa sharti la kutaja jina lako, na kubakiza kwako haki ya kuziuza kwa matangazo. Kampuni ya kinywaji ikitaka kuiweka picha ya chemko kwenye bango, ije kwako na kwa bendi, na kila upande upate chake.